Kazi Isiyo na Mwenyewe

Nilikwenda Kanyangi kwa maneno ya kusikia. Mtu mmoja aliyekuwa akinunua ngozi za mbuzi upande wetu wa Nzaui aliniambia kwamba ng'ambo ya mto Athi kulikuwa na kanisa jipya lisilo na msomaji, na kwamba wazee wake walikuwa wakimtafuta kijana yeyote aliyepitia shule ya misheni awafundishe watu kusoma. Yeye mwenyewe hakuwa ameliona kanisa hilo. Aliambiwa na mwenzake, na huyo mwenzake sijui aliambiwa na nani. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Baba yangu alikuwa amekufa, nzige walikuwa wamekula mtama na mawele yetu mpaka mabua, nami nilikuwa nimesoma kuliko wengi wa rika langu. Nikafunga Agano Jipya na shati moja katika kitambaa, nikauvuka mto maji yakiwa ya magotini.

Kanisa lilikuwepo. Msomaji naye alikuwepo, tena alikuwa mpwa wa mkuu wa wazee wa kanisa, na alisoma vizuri.

Naandika haya kwa sababu wajukuu wa watu wale husimulia leo jinsi kanisa lao lilivyoanza, nami nimewasikia mara nyingi wakisimulia mambo ambayo hakuna aliyeyaona. Nitaandika niliyoyaona. Pale nitakapoandika niliyoambiwa, nitasema kwamba niliambiwa.

Kanisa lilikuwa nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, na nje yake kipande cha reli kilichotoka kituo cha treni cha Kambu kilining'inia mtini badala ya kengele. Mkuu wa wazee alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti jeusi alilopewa na misheni, na koti hilo alilivaa hata jua lilipokuwa kali. Alinipa uji, akanipa pa kulala katika kibanda kilichokuwa nyuma ya kanisa, ambamo majembe yaliwekwa. Kisha akaniuliza mbai yangu, yaani ukoo wangu. Nilipomtajia, alifikiri kwa muda, akasema kwamba hakuna mtu wa mbai hiyo katika kilima kile chote. Hakusema kwa ubaya. Lakini niliona kwamba alikuwa amenitafutia mahali pa kunishika akapakosa.

Ilikuwa desturi ya kanisa lile kwamba mgeni hakupokewa kwenye meza ya Bwana mpaka awe na kazi aliyopewa na wazee, na asiyepokewa mezani hakuazimwa shamba. Desturi hiyo sikuisikia kwa mtu wa njiani. Niliambiwa na wazee wenyewe wakiwa wameketi pamoja. Kwa hiyo nilijua kwamba nikikosa kazi kabla ya mvua, sina pa kulima, na asiyelima mwaka ule alikuwa anarudi kwao kufa na wenzake.

Niliomba kusoma. Msomaji yuko. Niliomba kuongoza nyimbo, na nyimbo zilikuwa za mtoto wa mzee mwingine. Kengele ilipigwa na mtu aliyekibeba kile chuma kutoka kwenye reli, wala hakumruhusu mwingine akiguse. Hata kazi ya kukaa mlangoni kuzuia mbuzi wasiingie wakati wa maombi ilikuwa ya mtu aliyetoa nguzo za mlango. Sikuwachukia kwa hilo. Walikuwa wamelijenga kanisa kwa mikono yao, na kila aliyeleta mti alipata mahali pa kuusimamia. Mimi sikuwa nimeleta kitu.

Wazee waliniita siku moja baada ya maombi. Mkuu wao ndiye aliyesema.

"Kazi iko moja. Haina mwenyewe."

Nikauliza ni kazi gani.

"Kuzika."

Asiyewajua Wakamba wa siku zile hataelewa uzito wa neno hilo. Kwa desturi yetu, mzee mwenye heshima alizikwa, lakini mtu wa kawaida, na hasa mtoto, alipelekwa porini na kuachwa huko. Aliyegusa maiti hakurudi nyumbani kwake hivi hivi. Alitakaswa kwanza na mganga, kwa majani yanayoitwa ng'ondu na kwa uchafu wa tumbo la mbuzi, na kabla ya hapo hakula na mtu, hakushika mtoto wala chombo cha maziwa. Misheni ilikuwa imekataza mambo yote mawili: kutupa maiti na kutakaswa. Mkristo azikwe, ilisema, na mzikaji anawe mikono kwa maji, basi. Wazee walikuwa wamelikubali neno hilo kwa kinywa. Tatizo lao lilikuwa moja tu, nani ashike maiti halafu arudi kwa mkewe na watoto wake bila ng'ondu.

Nilipouliza walivyofanya kabla sijaja, nilipata majibu yasiyolingana. Mmoja aliniambia kwamba mmisionari alikuja akazika mwenyewe. Mwingine aliniambia kwamba watoto walipelekwa porini kama zamani, na mmisionari alipokuja akaonyeshwa rundo la udongo ambalo chini yake hapakuwa na mtu. Sikuwepo. Siwezi kusema lipi ni kweli.

"Wewe huna nyumba hapa," mkuu wa wazee akaniambia. "Huna mke, huna mama, huna ng'ombe. Kifo kikikufuata kutoka kaburini, kitaingia wapi?"

Alisema kama mtu aliyeipima hoja yake akaiona haina kasoro. Mzee mwingine, ambaye daima alikuwa na la kuchekesha, akasema, "Kitaingia kwenye majembe." Wakacheka kidogo, nami nikacheka nao, maana nililala na majembe hayo. Kisha nikakubali.

Wachungaji vijana niliowahi kuwasimulia habari hii huwaita wazee wale wanafiki. Wachungaji hao hawajawahi kumwinua mtu aliyekufa kwa kuhara damu. Mimi siwaiti hivyo. Walikuwa watu walioogopa, na hofu yao ilikuwa na umri mkubwa kuliko imani yao.

Mvua ilikuja mwaka ule baada ya njaa, na pamoja nayo ikaja homa na kuhara. Watoto waliokuwa wamedhoofishwa na njaa hawakuweza kustahimili. Niliitwa kwa sauti kutoka mbali, mtu akisimama ng'ambo ya kijito na kupaza sauti kwamba kwa fulani kuna kazi. Nilikwenda, nikaingia peke yangu, nikamfunga mtoto katika kitambaa alicholalia, nikambeba mikononi kama abebwavyo mtoto aliyelala. Baba alisimama mbali, amegeuka. Udongo wa huko ni mwekundu juu na changarawe chini, na kwa ajili ya fisi kaburi haliwezi kuwa la kina kifupi. Nilichimba, nikalaza, nikafukia, nikapanga mawe, nikaburuta matawi ya miiba juu yake. Kisha nilisoma. Nilikuwa nimetamani kusoma mbele ya watu, na sasa nilisoma kila mara, mbele ya mama mmoja aliyekaa chini umbali wa kutupa jiwe.

Nilipewa shamba, dogo na lenye mawe. Nilipokelewa mezani pia. Mmisionari aliishi mbali na alikuja mara chache kwa mwaka, na alipokuja meza ya Bwana iliandaliwa. Kikombe kilikuwa kimoja, kikubwa, cha bati lililopakwa rangi nyeupe, na ndani yake kulikuwa na maji ya ukwaju, kwa kuwa misheni haikutaka kileo cha aina yoyote na zabibu hatukuwahi kuziona. Watu walijipanga, kikapita mkono kwa mkono. Kabla ya maombi mkuu wa wazee alinivuta kando, akaniambia kwa upole nisimame wa mwisho. Nilielewa. Mtu wa mwisho hana wa kunywa baada yake. Hata hivyo aliyenitangulia hakunipa kikombe mkononi. Alikiweka chini juu ya udongo, nami nikainama kukichukua. Mmisionari alikuwa amefumba macho.

Mambo mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Mchangani mtoni, tulikochimba visima vya maji, wasichana walinipigia kelele nisichote juu yao. "Chota chini kule, mzika-watu, maji yako yasije yakatutafuta." Walikuwa wakitania, lakini hawakusogea mpaka nilipokwenda chini kule. Chakula nilichopewa kiliwekwa juu ya jiwe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyenijia karibu kuliko wengine, naye alikuwa mke wa mkuu wa wazee. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye nguvu, na sauti yake ilisikika shamba la tatu. Wanaume wa kanisa walimwogopa kuliko walivyomwogopa mumewe. Hakunigusa, la. Yeye pia aliweka chakula juu ya jiwe. Lakini hakuondoka. Alikaa akaniangalia nikila, akaniuliza niliwasomea nini wale watoto, nami nikamsomea, naye akaniambia nirudie. Siku moja, nikiwa nimetoka kuzika mjukuu wa jirani yake, aliniangalia mikono yangu kwa muda mrefu.

"Hawa unawabeba kama kuku," akasema. "Mimi utanibeba vipi, mwanangu?"

Nikamwambia kwamba Mungu atamwacha aishi siku nyingi.

"Sikuulizi habari za Mungu. Nakuuliza habari za mgongo wako." Akacheka mpaka akashika mbavu. "Itabidi unikate vipande."

Lilikuwa swali la kweli, na katika kanisa zima hapakuwa na mwingine aliyelifikiria. Wote niliowazika mpaka siku hiyo walikuwa watoto. Wazee walikuwa wamemtafuta mtu mmoja asiye na nyumba, lakini hawakukumbuka kwamba mtu mzima habebwi na mtu mmoja.

Kuhara kulimpata mwisho wa mvua, wakati sisi sote tulipodhani kumeisha. Alikufa alfajiri. Mkuu wa wazee alikuja mwenyewe mpaka kibandani kwangu. Hakuita kutoka mbali. Alisema, "Mama yenu amekwenda," akageuka akarudi.

Nilianza kwa kuchimba. Udongo ulikuwa umelainika, jua lilipopanda nilikuwa nimemaliza. Nilipofika kwake na jembe begani niliwakuta wazee wengine wote wa kanisa wamesimama kwenye uwanja, mbali na nyumba, na katikati yao ngozi ya ng'ombe imetandikwa, na ukanda umefungwa kwenye shingo ya ngozi hiyo. Nikajua mara moja ni kwa ajili ya nini. Ndivyo walivyopelekwa porini watu wazima wa zamani, kwa kuburutwa.

Niliwaambia nahitaji watu wanne.

Yule mchekeshaji, ambaye sasa hakuwa akichekesha, akaniambia kwamba kila mmoja wao ana watoto. Mwingine akasema kwamba ngozi ni safi, imeoshwa, na njia si ndefu. Mwingine akasema kwamba misheni iliamuru tuzike, haikuamuru tubebe. Nikawaambia basi watu wawili. Nikawaambia mtu mmoja. Nzi walikuwa wamekwisha kuijua nyumba ile.

"Sitamburuta," nikasema.

Msomaji, yule mpwa, ndiye aliyenijibu, na alinijibu bila hasira. "Hiyo ndiyo kazi tuliyokupa. Nyingine hatuna."

Nilimwelewa vizuri. Shamba langu lilikuwa limechipua. Mtama ulikuwa umefika gotini. Niliweka jembe chini, nikakaa juu ya udongo. Nilikuwa nimesema sitaburuta, na kama wangeniambia niondoke saa ile ningeondoka, na yeye angeburutwa na mtu mwingine au angeliwa na fisi mle ndani.

Mkuu wa wazee alikuwa amekaa peke yake kando ya ghala. Akainuka. Akavua lile koti, akalikunja vizuri, akalitundika juu ya ua. Mpwa wake akamwita, "Mjomba." Akamwita tena. Mzee alikuwa ameinama ameshapita mlangoni.

Nilimfuata. Ndani palikuwa na giza na harufu niliyoizoea, lakini yeye hakuizoea. Alisimama juu ya mkewe, mikono imening'inia, kama mtu aliyesahau kinachofanywa kwa mikono.

"Nishike wapi?" akaniuliza.

"Kichwani ni kuzito zaidi. Wewe shika miguu, mzee."

"Nitashika kichwani."

Tulimfunga katika shuka na kumtoa. Uwanja ulikuwa mtupu. Wote walikuwa wamekwenda kusimama nyuma ya zizi. Njia, ambayo wazee walisema si ndefu, ilikuwa ndefu. Tulimweka chini, tukapumzika, tukamwinua, tukamweka chini tena. Mzee alipumua kwa kinywa. Alipojikwaa alianguka kwa magoti na kichwa cha mkewe kikabaki mapajani mwake, hakukiachilia. Kaburini mtu mmoja ilibidi ashuke kupokea, na alishuka yeye. Nilipomshushia ule uzito wote nilimwona akipotea chini yake, nikasubiri, kisha nikamsikia akisema nimvute. Nilimpa mkono wangu akaushika.

Nilisoma. Hapakuwa na mwanamke wa kukaa chini umbali wa kutupa jiwe. Yeye mzee alisimama kando yangu, udongo kichwani, akisikiliza.

Yaliyofuata nitayaandika kama nilivyoyaona. Wana wake waliokuwa wakiishi katika uwanja ule walihamia kwa wakwe zao pamoja na wake na watoto. Ng'ombe wake walikamuliwa na mtu wa mbali. Chakula chake kikaanza kuwekwa juu ya jiwe. Watu walisema kwamba kwa siri alikuwa amemwita mganga na kuchinja mbuzi. Wengine walisema kwamba alikataa kumwita, na hiyo ndiyo sababu wanawe walihama. Watu wale wale waliweza kusema yote mawili katika kikao kimoja. Mimi niliuona moshi katika uwanja wake siku moja jioni. Moshi si ushahidi wa mbuzi.

Mmisionari alikuja mavuno yalipokaribia. Kikombe kikaandaliwa, kikajazwa mpaka ukingoni, kwa kuwa kanisa lilikuwa limejaa. Mkuu wa wazee alikuwa wa kwanza kunywa siku zote, na hakuna aliyemwambia abadilishe mahali pake. Nadhani hakuna aliyethubutu. Alikuwa amelivaa koti lake. Akaenda mbele, akakipokea kikombe, akanywa, akageuka amkabidhi wa pili.

Wa pili hakuja. Alikuwa mpwa wake, msomaji, naye alikuwa amesimama karibu na mmisionari kama mkalimani, macho chini. Wa tatu alikuwa yule mchekeshaji. Alikaa kwenye benchi lake na kuangalia mlango. Hakuna mtu aliyenong'ona, hakuna aliyetoka nje. Kanisa lote lilikaa.

Mmisionari aliuliza kuna nini. Nilisikia Kiingereza chake, maana hicho nacho nilikuwa nimefundishwa kidogo, na nikalisikia jibu la msomaji. Alisema watu wana kikohozi. Mmisionari akasema kwamba wenye kikohozi nao waje. Msomaji akatafsiri. Watu wakakaa.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, mahali pangu. Nilisimama nikapita katikati ya mabenchi, na magoti ya watu yaliniondokea kila upande. Nilipofika, niliinamisha macho nikitafuta pale ambapo kikombe kingewekwa. Mzee hakukiweka. Alikishika kwa mikono miwili akanipa, na vidole vyake vikagusa vyangu.

Nikanywa, nikamrudishia. Mmisionari hakutaka kimwagwe, aliashiria kwamba kinywewe. Mzee akanywa tena, akanipa tena. Ukwaju ni mkali mtu akinywa mwingi. Unasaga meno na kukausha ulimi. Tulikunywa mimi na yeye, mbele ya kanisa zima, mpaka nikaliona bati jeupe chini. Kisha mmisionari akaomba, na watu wakasema amina kwa sauti kubwa.

Hakuna mkutano uliofanywa wa kumwondoa yule mzee katika ukuu wake. Jumapili iliyofuata mpwa wake alikaa katika kiti chake, basi. Mimi niliachiwa shamba langu. Nilivuna.

Aliyekufa baadaye alikuwa baba wa yule mpiga kengele, mtu mzima mwenye mwili. Waliita kutoka ng'ambo ya kijito kama kawaida. Waliita, "Ninyi wawili." Nilipopita kwa mzee nilimkuta yuko tayari mlangoni, bila koti, ameshika jembe lake mwenyewe. Tulimbeba yule mtu hatua kwa hatua. Mzee alikuwa amezeeka sana katika miezi ile, na safari hii aliomba kupumzika kabla yangu. Tulikaa kila mtu upande wake wa maiti. Alikuwa akiyaangalia mawe ya njiani.

"Nikifa mimi," akasema, "upande wa pili atashika nani?"

Nikamwambia sijui. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia, tukasimama tukaendelea.